Kondoo 40 kuzaa katikati ya mvua: nianze na nini?

SWALI: Nina kondoo majike 40 wenye mimba. Kwa hesabu yangu wa kwanza atazaa wiki nane kuanzia sasa, mvua ikiwa imekolea. Banda lina sakafu ya udongo, na upande mmoja huloa kila inaponyesha. Msimu uliopita nilipoteza wanakondoo 11 ndani ya siku tatu za kwanza. Wengine niliwakuta asubuhi wamejikunja, wamepoa. Wengine walidondosha mate na matumbo yao yalijaa maji. Nimeshauriwa ninunue taa ya joto na antibayotiki za kuwapa wote wakizaliwa tu. Je, nianze na hivyo, au wiki hizi nane nizitumie vipi?

JIBU: Anza na sakafu ya banda na lishe ya hao majike. Taa na antibayotiki viweke mwisho wa foleni.

Vifo ulivyoeleza vina sura mbili ila mzizi ni mmoja. Wale waliopoa walikufa kwa baridi na njaa kwa pamoja. Mwanakondoo hutoka tumboni ameloa chapachapa, na akiba yake ya mafuta ya kutengeneza joto humtosha saa tano hivi kama hajanyonya. Kila tone linalokauka mgongoni mwake linaondoka na joto, na upepo huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana anaweza kupoa hata usiku ambao wewe, uliyevaa shati kavu, huoni baridi yoyote. Pacha wa kilo mbili na nusu hupoa haraka zaidi kuliko wa kilo nne aliyezaliwa peke yake. Wale wa mate nao walimeza bakteria wa kinyesi, waliokuwa kwenye matandiko machafu au kwenye chuchu, kabla ya maziwa ya kwanza kuwafikia. Tumbo la siku ya kwanza halijawa na asidi ya kuwaua bakteria hao, basi huzaliana utumboni na kuachia sumu inayosimamisha utumbo. Hapo ndipo tumbo linapovimba na mate kuanza kudondoka. Katika hali zote mbili utakuta mahali palipoloa na maziwa yaliyochelewa, na hayo ndiyo ya kushughulikia.

Kwanza, washike mgongo

Wiki hii, kabla ya kugusa banda, wapitishe kondoo wote mkononi mmoja mmoja. Macho hayatoshi, hasa kwa kondoo wenye sufu ndefu. Weka kiganja juu ya kiuno, nyuma ya ubavu wa mwisho, na vidole vibonyeze zile ncha za mifupa zinazotoka pembeni mwa uti wa mgongo. Kwa kipimo cha 1 hadi 5, mwenye 2 utagusa ncha hizo bila shida, kama unavyogusa vifundo vya ngumi yako. Mwenye 3 itabidi ubonyeze ndipo uzisikie. Mwenye 4 huzipati kwa urahisi. Lengo ni wazae wakiwa karibu na 3.

Aliye chini ya 2.5 mtenge leo. Wiki nane zinatosha kumpandisha kidogo; wiki tatu hazitoshi. Mnene kupita kiasi usimfunge njaa kumpunguza, kwa sababu jike mwenye mapacha anayekosa nishati wiki za mwisho huanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi kuliko ini linavyomudu. Huzubaa, hutembea kama kipofu, huacha kula, na wengi hufa wakiwa na wana tumboni.

Kama kuna daktari wa mifugo mwenye mashine ya kupima mimba, mwite sasa hivi. Idadi ya wana huonekana vizuri kati ya siku ya 45 na ya 90 ya mimba, na mimba ya kondoo huchukua siku 147 hivi. Kwa hiyo wako wa kwanza wamefika ukingoni mwa kipindi hicho, waliopandwa baadaye bado wamo. Ukijua nani ana mapacha, chakula cha ziada kinakwenda kwa anayekihitaji. Usipoweza kupima, weka makundi mawili: wembamba pamoja na wanaozaa mara ya kwanza, halafu waliobaki.

Nyasi za mvua hudanganya

Wafugaji wengi hupunguza chakula cha ziada mvua ikianza kwa sababu malisho ni ya kijani. Fanya hesabu. Kondoo wa kilo 50 mwenye mimba kubwa anahitaji walau kilo 1.2 za chakula kikavu kwa siku. Nyasi changa zilizoloa zinaweza kuwa na asilimia 15 tu ya kikavu, mengine yote ni maji. Ili apate hizo kilo 1.2 inabidi ale kilo 8 za nyasi, tena akiwa na wana wawili waliolibana tumbo lake. Isitoshe, mvua ikinyesha kwa nguvu kondoo hawalishi. Husimama wameupa upepo migongo hadi ipite. Siku mbili za namna hiyo mfululizo zinatosha kumwangusha mwenye mapacha.

Kwa hiyo asubuhi wape nyasi kavu kwanza kabla hawajatoka, na siku ya mvua ya mfululizo waache ndani wale kavu siku nzima. Wiki sita za mwisho ndipo wana hukua kwa kasi. Takriban asilimia 70 ya uzito wa kuzaliwa huongezeka kipindi hicho. Anza hapo na gramu 150 hadi 200 za chakula cha nafaka na mashudu chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, upandishe taratibu hadi gramu 400 au 500 kwa mwenye mmoja na gramu 600 au 700 kwa mwenye mapacha. Ikizidi gramu 500 kwa siku, igawe mara mbili, la sivyo tumbo huchachuka. Kila kondoo apate sentimita 45 za hori. Zikipungua, wanyonge hawali. Kundi la kondoo 20 linataka mita tisa za hori, na ukiweka hori lenye nafasi pande zote mbili, mita nne na nusu zinatosha.

Chakula chenye ukungu usiwape hata kama ni kingi na kinauma kutupa. Unyevu huzalisha ukungu unaoweza kutoa mimba, na majani yaliyovundikwa yakaingia hewa au udongo hubeba bakteria wa listeria, inayotoa mimba na kupoozesha upande mmoja wa uso. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Jambo la madini: nunua jiwe la kulamba la kondoo. La ng'ombe mara nyingi lina shaba nyingi, na kondoo huihifadhi kwenye ini hadi siku linaposhindwa.

Banda: tafuta maji yanaingilia wapi

Usimwage mchanga wala maranda kabla hujajua maji yanatoka wapi. Mvua kubwa ijayo, simama ndani ya banda dakika ishirini utazame. Maji huingia kwa njia tatu: yanaruka kutoka kwenye paa lisilo na mfereji, yanateremka kutoka upande wa juu wa kiwanja, au yanatoka humo humo ndani, kwenye chombo cha kunyweshea kinachovuja. Kwa upande mmoja unaoloa kama wako, mara nyingi ni mojawapo ya mawili ya kwanza.

Paa lisilo na mfereji humwaga maji mguuni mwa ukuta, yakarudi ndani kwa chini. Funga mfereji wa paa, uyapeleke maji kwenye tangi au mbali na banda. Kama mvua hupigwa na upepo ikaingia upande ulio wazi, refusha paa upande huo kwa sentimita 60 au zaidi. Kwa maji ya mteremko, chimba mtaro upande wa juu wa banda, kina na upana wa sentimita 30 au zaidi, uzunguke hadi upate mahali pa kumwaga chini. Mtaro usio na pa kumwaga ni kidimbwi tu. Chombo cha maji kitoe nje ya eneo la kulala, au kiweke juu ya mawe pembeni.

Kisha sakafu. Ondoa tope lote lililolowana na mkojo hadi ufike udongo mgumu. Jaza sentimita 15 za kokoto, juu yake sentimita 10 za kifusi au udongo mgumu ulioshindiliwa, ukiacha mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita kuelekea mlangoni. Sakafu hii hunyonya mkojo na haina ubaridi wa saruji. Saruji ni rahisi kuosha, ila bila matandiko mengi humnyonya joto mwanakondoo. Wenye banda la mbao lililoinuliwa hawana tope, lakini upepo hupita kwa chini hadi tumboni mwa kichanga, na mguu wake mwembamba huzama kwenye mwanya uliomfaa mama yake. Sehemu ya kuzalia ifunikwe ubao mzima na matandiko juu.

Matandiko ndiyo hitaji ambalo wengi hukadiria chini. Anza na tabaka la sentimita 10 hadi 15 za mabua makavu, nyasi kavu zisizoliwa au maranda makubwa ya mbao, kisha ongeza kila siku nusu kilo hadi kilo moja kwa kila kondoo. Kondoo 40 kwa siku 30, kwa wastani wa gramu 750, wanatumia kilo 900 za matandiko. Hiyo ni karibu tani moja, na lazima iwe imekusanywa na kufunikwa kabla mvua haijashika, maana mabua yaliyonyeshewa hayana kazi. Vumbi laini la mbao liepuke kwenye vizimba vya kuzalia. Hugandamana na mwanakondoo aliyeloa na kumwingia puani. Chokaa inyunyize juu ya sakafu tupu, chini ya matandiko, kwa sababu ikigusa ngozi iliyoloa huunguza.

Kupima ni rahisi. Piga magoti juu ya matandiko ukiwa na suruali ya kitambaa, hesabu hadi 30, inuka uangalie. Magoti yakiwa na unyevu, ongeza matandiko kabla ya kulala. Ukiwa hapo chini, vuta pumzi: macho yakiwasha kwa harufu ya mkojo, hewa haitoshi. Kosa linalojirudia kila msimu wa mvua ni kuziba banda lote kwa plastiki. Joto la kondoo na mvuke wa pumzi hupanda, hugonga plastiki, hudondoka tena juu yao, na baada ya wiki moja vikohozi vinaanza. Ziba kuta kutoka chini hadi mita moja, juu ya kimo cha kondoo aliyelala, halafu acha mwanya wa sentimita 30 chini ya paa pande mbili.

Nafasi: kila jike mwenye mimba kubwa anahitaji mita za mraba 1.2 hadi 1.4. Wako 40 wanataka kama 56, bila vizimba. Kama sehemu kavu haifiki hapo, usiwabane wote. Walaze ndani walio ndani ya wiki mbili za kuzaa na waliozaa karibuni, wengine wapate paa jepesi la nje lenye kizuizi cha upepo.

Kwato, minyoo, chanjo

Haya yafanyike kati ya sasa na wiki nne kabla ya kuzaa, baada ya hapo kondoo wasisumbuliwe.

Kwato huoza kwa sababu unyevu hulainisha ngozi kati ya vidole na bakteria wakapata mlango. Jike anayechechemea hafiki horini kwa wakati, halali vizuri, na hamfuati mwanawe. Andaa bafu la miguu la zinki salfeti, kilo 10 kwa lita 100 za maji, wasimame humo kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, kisha wakae mahali pakavu pagumu saa moja dawa ikauke. Shaba salfeti, ingawa hutumika kwa ng'ombe, si ya kuchezea kwa kondoo, wakiinywa inawaua. Usikate kwato hadi damu: jeraha hupona polepole kuliko ugonjwa wenyewe. Aliyechechemea vibaya atibiwe peke yake na daktari wa mifugo.

Upande wa minyoo, kinga ya jike hushuka anapokaribia kuzaa, na mayai ya minyoo humwagika kwenye malisho yale yale watakayolisha wanakondoo. Mnyoo anayenyonya damu tumboni hustawi sana penye joto na mvua. Funua kope la chini la jicho. Wekundu ni salama. Rangi ya waridi iliyofifia au weupe ni upungufu wa damu. Wape dawa weupe wote, wembamba wote na wenye mapacha. Wanene wenye kope nyekundu waache bila dawa; hao hubakiza malishoni minyoo ambayo dawa bado inaiua, na hivyo usugu huchelewa. Kipimo kifuate uzito halisi, maana kukisia chini ndiko kunakozalisha minyoo sugu. Kama una bonde lenye konokono wa majimaji, lizungushie uzio, maana huko ndiko minyoo bapa ya ini hutoka.

Chanjo ya pepopunda na sumu za utumbo hutolewa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, kwa sababu kinga ya mama kondoo haipiti kwenye kondo la nyuma. Humfikia mwana kwa maziwa pekee. Kama hawajawahi kuchanjwa hata mara moja, wanahitaji dozi mbili zilizopishana wiki 4 hadi 6. Kwa kalenda yako dozi ya kwanza ni wiki hii, ya pili wiki nne kabla. Usimchome kondoo aliyeloa. Sindano hupeleka uchafu wa ngozi ndani na kuacha jipu. Walaze ndani usiku, uwachanje asubuhi wakiwa wakavu.

Siku hiyo hiyo ya dozi ya pili, kwa kondoo wa sufu, nyoa kuzunguka mkia, mapaja na kiwele. Mwanakondoo hutafuta chuchu kwa kupapasa, na donge la kinyesi lililogandamana na sufu hulinyonya vile vile. Kunyoa mwili mzima sishauri kipindi hiki kama huna pa kuwalaza pakavu.

Vizimba na sanduku la vifaa

Jike hurudi joto, yaani hutaka dume, kila siku 17. Kama dume alikuwa nao mizunguko miwili, wengi watazaa ndani ya siku 17 za kwanza: wawili kwa siku kwa wastani, na siku nyingine wanne au watano. Kila mmoja akikaa na wanawe kizimbani siku mbili, andaa vizimba sita, kimoja kikiwa cha mgonjwa. Ukubwa uwe mita 1.5 kwa 1.5, mita 1.2 ni kidogo mno kwa mwenye mapacha, humlalia mmoja. Mbao za pembeni zisiwe na mwanya chini, upepo usipite kimo cha mwana. Ndoo ya maji ining'inizwe juu ya kimo chake, maana wachanga huzama kwenye ndoo za chini.

Sandukuni weka glovu ndefu, sabuni, mafuta ya kulainisha, kamba mbili laini zilizochemshwa, kipimajoto, taulo kuukuu, iodini ya asilimia 10, mrija laini wa kulishia na bomba la sindano la mililita 60, tochi mbili, rangi ya alama, daftari na penseli, kwa kuwa wino huyeyuka kwenye mvua. Ongeza glukosi ya sindano, kalsiamu na propilini glikoli (kimiminika cha kunywesha kinachompa jike nishati), lakini vitatu hivi daktari wa mifugo akuonyeshe matumizi yake kabla ya msimu. Jike aliyezubaa na kukataa chakula wiki za mwisho huanzishiwa propilini glikoli mililita 60 mara mbili kwa siku huku daktari akiitwa. Aliyeanguka ghafla akitetemeka misuli huenda amepungukiwa kalsiamu, na huyo husimama upesi baada ya sindano.

Kitu kimoja hakinunuliki usiku: maziwa ya dang'a, yaani yale ya kwanza baada ya kuzaa. Jike wa kwanza atakayezaa mwana mmoja akiwa na kiwele kimejaa, mkamue ziada baada ya mwanawe kushiba, uyagandishe kwenye mifuko ya mililita 200. Hudumu mwaka mzima. Yeyusha kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto huharibu kinga iliyomo. Dang'a la mbuzi mwenye afya linafaa. La ng'ombe linafaa pia likichanganywa kutoka ng'ombe kadhaa, kwa sababu la ng'ombe mmoja linaweza kuleta upungufu wa damu.

Saa sita za kwanza

Chupa ya maji ikishatoka, mwana anapaswa kuonekana ndani ya saa moja. Jike akisukuma kwa nguvu dakika 30 bila hatua, nawa, vaa glovu, pima. Kawaida ni miguu miwili ya mbele na pua juu yake. Kwenye mguu wa mbele viungo viwili vya kwanza hukunjika upande mmoja. Wa nyuma hukunjika pande tofauti. Hakikisha miguu na kichwa ulivyoshika ni vya mwana mmoja, ndipo uvute, chini kuelekea visigino vya mama, akisukuma. Usipoelewa unachogusa baada ya dakika kumi, mwite daktari. Kulazimisha hupasua mji wa mimba. Kondo la nyuma hutoka lenyewe, kwa kawaida ndani ya saa chache, na halivutwi.

Akitoka, futa ute puani, mweke mbele ya mama yake alambwe. Taulo ni ya siku ya mvua kali au ya mama anayejishughulisha na wa pili. Chovya kitovu chote kwenye iodini ndani ya dakika 15, rudia baada ya saa chache, kwa sababu kitovu kibichi ni mlango wa maambukizi ya viungo. Kamua michirizo miwili kila chuchu ili kutoa nta iliyoziba. Jike aliyezalia mahali pakavu usimhamishe papo hapo. Apewe muda wa kumjua mwanawe, kisha mbebe mwana karibu na ardhi hadi kizimbani, mama akifuata kwa harufu.

Ndani ya saa mbili awe amenyonya. Papasa tumbo nyuma ya mbavu: aliyeshiba ni duara, asiye na kitu ni bapa. Tia kidole mdomoni; mdomo wa baridi ni onyo. Aliyeshindwa kunyonya mpe kwa mrija mililita 50 kwa kila kilo, yaani 175 kwa mwenye kilo 3.5, na jumla ya saa 24 ifike mililita 200 kwa kilo. Pima mrija kutoka mdomoni hadi ubavu wa mwisho, uuteremshe polepole upande wa shavu huku akimeza. Ambaye hawezi kuinua kichwa usimpe chochote mdomoni, yatamwingia mapafuni.

Kipimajoto ndicho kinachoamua hatua. Nyuzi 39 hadi 40 ni kawaida. Kati ya 37 na 39, mkaushe, mlishe kwa mrija, mrudishe kwa mama mahali pakavu, upime tena baada ya nusu saa. Chini ya 37 na hajafikisha saa tano: kausha, pasha joto hadi avuke 37, kisha lisha. Chini ya 37 na amezidi saa tano, tahadhari. Huyu amemaliza mafuta yake, na ukimpasha joto kabla ya kumpa sukari hupata degedege akafa mikononi mwako. Anahitaji glukosi ya asilimia 20, mililita 10 kwa kilo, iliyopashwa hadi joto la mwili, kwa sindano ndani ya uwazi wa tumbo, ndipo apashwe joto. Mbinu hiyo jifunze kwa daktari mchana, wiki hizi.

Hapo ndipo taa yako ina nafasi, juu ya aliyekwisha kukauka na kulishwa, ifungwe kwa mnyororo mita moja au zaidi juu ya mabua. Ikidondoka banda linaungua. Antibayotiki kwa kila mwana anayezaliwa siafiki: bakteria huzizoea, na msimu wa pili unabaki huna dawa. Ziwekwe kwa wagonjwa, au kwa kundi pale daktari anapoona ugonjwa umeshaenea licha ya usafi.

Mimba zikitoka

Jike akitoa mimba, mtenge, vaa glovu, hifadhi mtoto na kondo kwenye mfuko kwa ajili ya maabara, choma matandiko. Mwanamke mjamzito asikaribie kondoo wanaozaa wala nguo zilizotumika. Vimelea kadhaa vya mimba ya kondoo huharibu mimba ya binadamu. Mimba zikitoka kwa wingi na vichanga vikafa baada ya mafuriko, katika nchi zenye homa ya Bonde la Ufa, usichinje wala kupasua mzoga, toa taarifa siku hiyo hiyo. Chanjo ya homa hiyo isitolewe kwa wenye mimba bila ushauri wa daktari, kwa sababu baadhi ya aina zake hutoa mimba.

Kuwatoa nje

Mwenye mwana mmoja anaweza kutoka baada ya saa 24, wa mapacha baada ya 48, ila ahirisha kama mvua na upepo vimeshika. Watoe asubuhi ya siku kavu, matumbo yamejaa, namba ya mama ikiwa imeandikwa ubavuni mwa wana. Makundi yawe ya majike 10 hadi 15. Likizidi, wana hupotezana na mama zao mvua inapowatawanya. Malisho yawe ya mteremko, yaliyopumzishwa, yenye nyasi fupi. Kizuizi cha upepo kiwe cha matundu: ua wa mimea au neti inayopitisha nusu ya upepo hukinga umbali wa mara nane hadi kumi ya kimo chake, ilhali ukuta mzima huzalisha kimbunga kidogo upande wa pili. Nyuma ya kila jike anayetoka, kizimba kikombwe hadi sakafuni, kinyunyizwe chokaa, kiwekwe matandiko mapya kabla ya anayefuata. Ukikosa muda wa hilo katikati ya msimu, ongeza kizimba cha saba, viwe vinapokezana.